Naenda Nairobi na mama mgonjwa: bustani gani ina kivuli na mahali pa kukaa?

BintiChumbageni

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari zenu.

Niko Tanga, Chumbageni, kazi yangu cherehani. Mwisho wa mwezi huu wa tisa naondoka na mama yangu kwenda Nairobi kwa matibabu. Ana miaka 71. Amepangiwa mionzi wiki tano, Jumatatu mpaka Ijumaa, na waliokwisha kupita njia hiyo wananiambia pale kwenye mashine mtu hamalizi hata nusu saa. Sehemu kubwa ya siku itakuwa yetu wenyewe. Tutafikia kwa kaka yangu Ngara, vyumba viwili ghorofa ya nne, na dirisha linatazamana na ukuta wa jirani.

Mama si mtu wa kukaa ndani. Hapa Tanga, akishasali alasiri, anajitanda kanga yake na kwenda Bustani ya Jamhuri. Anakaa upande wa kutazama bandari, ule mnara wa saa wa Wajerumani ukiwa mgongoni mwake, anaangalia mashua na Kisiwa cha Toten mpaka jua linapopungua makali. Hana anachonunua, labda kahawa na kashata moja. Amefanya hivyo tangu alipoacha kazi kwenye shamba la mkonge, na hata siku anazoumwa hunambia nimfikishe tu, nimwache. Nilipomweleza habari ya ghorofa ya nne alinijibu: "Mwanangu, mimi si nguo. Usinifungie sandukuni."

Ninachotafuta ni bustani ya kukaa, si ya kutembelea. Mama anatembea na mkongojo, hatua mia hivi anataka kupumzika. Nataka kivuli cha kweli, mahali pa kuegemea mgongo, choo ambacho mlango wake unafungika, na watu ambao hawatamuuliza mwanamke mzee anafanya nini pale. Nimesikia majina ya Uhuru Park, Karura na mahali panapoitwa Arboretum. Sijafika hata mahali pamoja. Aliyewahi kukaa huko na mzazi wake anisaidie tafadhali.

Mwana wa Makorora

Pole sana dada kwa kuuguza. Mimi ningeona heri mama apumzikie Amani, hapo Muheza. Ile bustani ya miti Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 na hewa yake huipati Nairobi, kule ni moshi wa magari na makelele.

BintiChumbageni

Ahsante kaka. Amani mama anaijua kuliko mimi, marehemu babu alikuwa mhudumu wa miti huko na mama alikulia hapohapo. Lakini mashine ya mionzi haiko Amani, na kaka yangu ndiye anayelipa, naye yuko Nairobi. Kwa hiyo tufanye na kilichopo.

Mzee wa Raskazoni

Marahaba binti, na mama umfikishie salamu zangu.

Nimeishi Nairobi miaka 11 nikiendesha lori, nikarudi nyumbani mwaka 2019. Jumapili zangu nyingi zimeishia bustanini, kwa sababu chumba changu nacho kilikuwa kinatazama ukuta.

Anza na Arboretum. Iko karibu na Ikulu yao, na kutoka Ngara kama hakuna foleni si mwendo wa kukuchosha. Ukubwa wake ni hekta 30 hivi. Ilianzishwa mwaka 1907, wakati injini za reli ya Uganda zilikuwa zinakula kuni kwa wingi, na serikali ya wakati ule ikataka kujua ni miti gani ya kigeni inayokua haraka kwenye nchi ile ya baridi. Wakaileta, wakaipanda pale kuijaribu. Ndiyo maana leo unakuta mkaratusi wa Australia umesimama jirani na mti wa Amerika ya Kusini, na wa kienyeji katikati yao, mirefu mpaka shingo inauma ukiitazama. Mingi ina vibao vya majina. Kivuli kipo cha kutosha na cha kusaza. Sehemu ya juu njia zake ni pana, lakini upande wa mtoni kuna mteremko, huko usimshushe mama.

Msishtuke mkimwona mtu anatembea peke yake chini ya miti akisema kwa sauti, pengine analia. Watu wa Nairobi wanakwenda pale kumwomba Mungu na hakuna anayewasumbua. Mimi mwenyewe mwaka niliofiwa na mke wangu nilikaa pale siku nzima na hakuna aliyeniuliza jambo. Kwa hilo nawaheshimu mpaka leo.

Uhuru Park nendeni mara moja, asubuhi. Kivuli chake hakifikii kile cha Arboretum, na siku za watu wengi mgonjwa atachoka. Ila mpeleke mama kwenye ile pembe wanayoiita Freedom Corner umsimulie. Bustani ile Mzee Kenyatta aliifungua mwaka 1969. Mwaka 1989 kukawa na mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani yake, na Wangari Maathai, yule mama mtetezi wa mazingira, akasimama kuukataa. Aliandika barua huku na huku mpaka ng'ambo, wakamsimanga hadi bungeni, lakini jumba halikujengwa. Halafu mwaka 1992 akina mama ambao wana wao walikuwa wamefungwa kwa mambo ya siasa walikaa kwenye pembe hiyo na kugoma kula, wakidai wana wao waachiwe. Wengine walikuwa watu wazima kama mama yako. Kila nilipopita hapo nilivua kofia.

Karura waachie wenye magoti. Ni msitu wa hekta zaidi ya 1,000, mzuri kupita kiasi, una maporomoko na mapango, lakini mapango mama ameshayaona Amboni.

Jeevanjee ipo katikati ya mji, kabustani kadogo ambako tajiri Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi mwaka 1906. Mchana wahubiri wamejaa, wanapokezana. Pale pitia tu ukiwa unakwenda City Market.

Kuna mahali pengine ambapo wengi hawapataji. Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie, pale ulipokuwa ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, wamefanya bustani ndogo ya kumbukumbu. Waliokufa Nairobi walipita 200 na majina yao yameandikwa ukutani. Siku hiyohiyo na ubalozi wao wa Dar ukalipuliwa, sote tunakumbuka tulikuwa wapi. Watu wanakaa kimya, wanakula chakula chao cha mchana, wanarudi kazini. Mkiwa mjini kwa shughuli na mama amechoka, mpumzishe hapo.

Na sweta. Nairobi iko juu ya bahari mita 1,700 na kitu. Mwezi wa kumi si kama wa saba, lakini mtu aliyezoea joto la Tanga asubuhi atatetemeka. Vuli nayo itakuwa inakaribia, kwa hiyo mwavuli usikose. Ila mmepata bahati ya majira: mijakaranda itakuwa imechanua, mtakanyaga maua ya zambarau barabarani.

Mkazi wa Parklands

Karibu Nairobi dada. Mzee amesema vizuri, mimi naongeza City Park kwa sababu kutoka Ngara ni karibu sana. Kuna sehemu ndani yake walipozikwa Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa mwaka 1965, na Joseph Murumbi aliyekuwa makamu wa rais, ambaye alitaka alazwe karibu na rafiki yake huyo. Pametulia. Lakini kima wa City Park ni wengi na wamezoea kulishwa, wanajua mfuko wenye ndizi ukiwa mbali. Mama asikae na chakula wazi mapajani.

Mambo mawili ya kukusaidia langoni Arboretum. Chupa za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku kwenye misitu na mbuga zetu tangu mwaka 2020, kwa hiyo beba maji kwenye chupa ya chuma au thamosi. Na kiingilio uliza kabla, hulipwa kwa simu, basi kaka yako akulipie kama huna laini ya huku. Nendeni siku za kazi asubuhi. Jumamosi na Jumapili kunajaa pikiniki, watoto na harusi za kupiga picha.

Nesi Mstaafu

Mwanangu, ya bustani wenzangu wameyamaliza. Mimi nakukumbusha mgonjwa. Mahali panapopigwa mionzi pasipigwe na jua hata kidogo, na usipapake mafuta wala dawa yoyote mpaka waganga wake waseme. Mvalishe nguo laini ya pamba isiyobana. Na ujue uchovu hauji siku ya kwanza. Unajikusanya, wiki ya tatu, ya nne, ndipo utamwona hataki hata kuzungumza. Siku hiyo usimvute kwenda bustanini kwa kuwa ulipanga. Akitaka, tandika mkeka alale hapohapo chini ya mti.

BintiChumbageni

Nimewaandika wote kwenye daftari langu la vipimo. Mwenyezi Mungu awalipe.

BintiChumbageni

Assalaam aleykum. Wiki saba zimepita, nimerudi kuleta mrejesho kama ilivyo desturi. Mama amemaliza mionzi, tumeingia Tanga Jumamosi. Majibu ya mwisho bado, lakini anakula na analala.

Nianze na baya ili nilimalize. Siku ya pili tulijaribu bustani moja ya mjini, sitaitaja kwa sababu kosa si la bustani. Tulipokaa tu akaja kijana na kijitabu cha risiti kisicho na muhuri, akadai pesa ya kukalia benchi. Nilitoa, ugeni ni mzigo. Mama akamuuliza, "Benchi hili ulilichonga wewe?" Kijana hakujibu, akaenda kwa waliofuata. Mama naye akasimama, akasema twende zetu. Aliumia kuliko nilivyodhani. Njia nzima alikuwa kimya, mpaka nikaogopa kwamba bustani zimekwisha kwa upande wake.

Jumanne iliyofuata nikampeleka Arboretum saa tatu asubuhi, baada ya mashine. Nilikuwa na mkeka wangu wa ukili niliotoka nao nyumbani na thamosi ya chai ya tangawizi. Tuliingia polepole, tukapumzika mara mbili, nikatandika chini ya mkaratusi mkubwa ambao shina lake nadhani watu wanne wakishikana mikono hawalizunguki. Mama hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibao.

Kilikuwa kipande cha bati, maandishi yamefifia. Mti ulikuwa umenenepa mpaka umekimeza ukingo mmoja, gamba limepanda juu ya bati kama mdomo uliofumba. Msumari hauonekani kabisa, umeshazama. Mama alipitisha kidole pale gamba lilipokutana na bati, akarudia, kama ninavyopitisha mimi kidole kwenye mshono nikitafuta uzi uliokatika. Halafu akasema, "Aliyegongomea hapa hakumwachia mti nafasi."

Nikamuuliza anamaanisha nini. Ndipo akaniambia habari ambayo miaka yangu yote 43 sijawahi kuisikia. Babu alipokuwa Amani, kazi yake mojawapo ilikuwa vibao. Alikuwa hagongomei msumari mpaka mwisho. Alikuwa anauacha nje kiasi cha pingili moja ya kidole gumba, kibao kinaning'inia, na baada ya muda anazunguka tena na koleo anaivuta kidogo ile iliyoanza kubanwa. Mama akiwa mtoto alikuwa ndiye mbeba misumari, kwenye kopo la maziwa. Anasema baba yake alimfundisha kupima kwa gumba lake mwenyewe la kitoto, na yeye babu akawa anacheka kwamba kwa gumba hilo mti utakufa.

Aliokota jani la mkaratusi lililokuwa limeangukia mkeka wetu, akalisugua viganjani, akavuta harufu, akanipa mimi. Harufu ya kujifukizia mafua. Tulikaa mpaka saa sita na robo. Mtu mmoja alipita mbali akiomba kwa sauti, kama Mzee alivyosema, na mama akaitikia amina kimyakimya.

Kuanzia siku hiyo bustani ikawa na kazi. Kila tulipokwenda alitaka tukae mti mwingine ili akague kibao. Mingine misumari yake ilikuwa bado nzuri, mingine imemezwa nusu. Kuna kaka mmoja mhudumu alikuwa anafagia majani. Mama akamsalimu, akamwonyesha, akamweleza habari ya pingili ya gumba. Nilikuwa na wasiwasi asije akaona anafundishwa kazi yake na mgeni, na mgonjwa tena. Yule kaka aliegemeza fagio, akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mama ulisomea misitu?" Mama akamwambia hakusoma, alibeba misumari.

Wiki ya nne nesi alisema kweli. Siku sita hatukutoka zaidi ya hospitali na nyumbani. Alilala akiutazama ule ukuta wa jirani na mimi nilikuwa nashona kwa mkono pembeni yake ili nisilie. Siku ya saba akaomba mwenyewe. Kaka yangu akatulipia teksi mpaka langoni. Yule mhudumu alipotuona akaja na koleo mfukoni, akatuita tukaone: ameivuta misumari ya vibao viwili, vinaning'inia. Cha mkaratusi wetu alishindwa, mti umeshika, akivuta anapasua gamba. Mama akamwambia akiache, huo umeshakubali.

City Park tulikwenda mara tatu. Kima ni wale wale mlionionya, mmoja alichukua kofia ya mtoto wa watu akaivaa juu ya mti. Pale makaburini mama alipapenda. Alisema watu wawili waliopendana na wakazikwa jirani, hilo si dogo.

Kuhusu choo na kiti, maana ndiyo niliyouliza na wengine watakuja kusoma: Arboretum vyoo vipo, siku tulizokwenda vilikuwa safi na milango inafungika. Viti havipo kila mahali, kwa hiyo mkeka ni lazima, na mto mdogo wa mgongo. Ile bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7 ndiyo iliyomfaa zaidi siku za mjini, ni hatua chache na kuna pa kukaa. Mama hajui kusoma vizuri, akanitaka nimsomee majina ya ukutani. Nilisoma mpaka sauti ikaisha, sikuyamaliza.

Siku ya mwisho kabla ya safari tukaenda Uhuru Park, asubuhi, mpaka kwenye ile pembe. Nikamsimulia kama Mzee alivyoniandikia, ghorofa 60, kisha wale akina mama wa mwaka 1992. Alisikiliza habari ya jumba kwa adabu tu. Ya akina mama ndiyo aliyonigeukia. "Na watoto wao walitoka?" Nikamwambia karibu wote walitoka kufika mwaka uliofuata. Akasema alhamdulillahi, akakaa chini hapohapo kwenye nyasi, bila mkeka.

Juzi Alhamisi amerudi Bustani ya Jamhuri. Nilimfuata saa kumi na moja nikidhani nitamkuta anatazama bandari, nikamkuta ameipa bandari mgongo, anatazama miti. Anasema miaka yote amekaa chini yake na hakuna hata mmoja wenye jina. Mwarobaini anaujua, na mingine miwili, iliyobaki anataka kuuliza watu. Nimemwahidi nitakwenda ofisi za jiji kuomba ruhusa kwanza kabla hatujagusa mti wa umma. Wakikubali, nitahitaji vipande vya bati jepesi, upana wa kiganja, na mtu mwenye mkono mzuri wa kuandika herufi. Nani ana fundi bati anayeuza masalia?

Mzee wa Raskazoni

Bati ninalo, lilibaki nilipoezeka banda. Nitalikata nyumbani na kulipiga tupa kingo zisimkate mama. Barua ya jiji ukishaiandika nionyeshe, nami nitie sahihi yangu chini ya yako. Misumari aje nayo mwenyewe, kwenye kopo.